Alama Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo ofisi yetu ya upimaji imepata droni! Imekuja ndani ya sanduku jeusi lenye sponji, imelala humo kama kifaranga. Wote tulisogea kuitazama. Mkuu wetu ni mama mfupi asiyepaza sauti, kwa sababu hajawahi kuhitaji. Akauliza nani kati yetu ana uzoefu wa kupima ardhi kutoka angani. Nikamwona Futi anavuta pumzi ya kusema.

Futi ni mpima mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa ajili ya futi kamba anayoining'iniza kiunoni hata akivaa suti. Miaka kumi na minane tuko pamoja. Miaka kumi na minane yeye anachungulia kwenye darubini ya kupimia, mimi nimesimama kule mbali juani na fimbo ya vipimo, naelekezwa kwa mkono: kushoto, kushoto kidogo, rudi, simama. Kama ng'ombe! Leo basi. Kabla hajafungua mdomo nikasema uzoefu ninao mimi.

Sikudanganya. Nimewahi kupanda ndege, mara moja, kiti cha dirishani. Niliona mapaa mengi sana.

Mkuu akanitazama muda mrefu. Akasema vizuri. Jumatano nitawafundisha wafanyakazi wote utangulizi wa somo hilo. Alhamisi tunarusha, bondeni. Mvua ziko njiani, na Jumatatu ijayo katapila linakuja kuchimba mfereji. Litachimba pale ramani yetu itakaposema, si hatua moja kando. Tukikosea, maji yataingia majumbani mwa watu.

Mmoja wa watu hao ni mama mkwe wangu. Mwaka jana maji yaliingia jikoni kwake yakatoka na sufuria mbili na kiatu kimoja. Kile kilichobaki anakitunza mpaka leo, eti mwenzake anaweza kurudi.

Namshukuru Mkuu kwa kuniamini. Sasa inabidi nijue upimaji wa angani ni nini.

Jumanne, 4 Machi

Kabatini kuna kitabu kimoja tu cha somo hili. Kurasa mia tatu na kumi na mbili. Nani amekiazima? Futi! Tangu Novemba!

Nikaunda mpango. Nikamwendea nikamwambia mtunza stoo anafanya ukaguzi, amekasirika, anataka vitabu vyote virudi kabla ya saa nne, na kwa kuwa mimi nakwenda huko, nitamsaidia kubeba. Futi akanipa kitabu bila neno. Kisha akasema, "Mwalimu, sura ya tatu ni ngumu kidogo. Nimeweka vijikaratasi kwenye kurasa za maana, na pembeni nimeandika kwa penseli."

Mtu huyu ana hila kweli. Anajifanya mwema ili nisimshuku.

Nimesoma mchana kutwa. Naandika hapa nisisahau. Kwanza, utambuzi kutoka mbali maana yake ni kujua habari za kitu bila kukigusa. Setilaiti inatazama msitu, inajua miti ipi inaumwa. Nilimweleza mke wangu, ambaye ni mshonaji, akiwa kwenye cherehani. Akasema hakuna jipya hapo. Yeye hunitazama tu nikiingia mlangoni akajua nimepitia wapi na nimekula nini.

Pili, droni inapiga picha nyingi zinazopandana kama magamba ya samaki. Kila picha irudie sehemu kubwa ya iliyotangulia, ili kompyuta ikione kitu kimoja kutoka pande mbili, kama macho mawili yanavyofanya, ijue urefu wake. Tatu, picha peke yake haijui iko wapi duniani. Lazima chini pawekwe alama mahali ambapo pameshapimwa. Futi ameandika pembeni: "Alama ndiyo misumari ya ramani. Msumari ukikaa kombo, ramani yote kombo."

Maneno mazuri. Kesho nitayasema kama yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimefundisha! Watu ishirini na watatu, pamoja na mama anayetupikia chai. Msumari wa ramani ulipigiwa makofi. Futi alipiga makofi kuliko wote. Sikumwelewa.

Kisha nikaonyesha picha ya setilaiti niliyoikuta mwisho wa kitabu. Mlima wetu ule ule tunaouona dirishani, lakini mwekundu! Mwekundu kutoka juu hadi chini! Ukurasa wa maelezo ulikuwa umechanika. Mwalimu hawezi kunyamaza mbele ya darasa. Nikasema mnachokiona ni joto. Mlima huu unaungua polepole kwa ndani.

Minong'ono. Mama wa chai akasimama, mkono kifuani, akauliza kama ampigie simu dada yake anayekaa mlimani ahame leo au asubiri mwisho wa mwezi. Nikasema leo ni bora.

Hapo Futi akanyoosha mkono. Kwa heshima kabisa. Akasema anadhani mwalimu ametuwekea mtego ili aone nani alisoma. Majani mabichi, akasema, hurudisha mwanga wa aina ambayo macho yetu hayaioni. Kamera ya setilaiti inauona, na kwa kuwa hatuna rangi yake, wataalamu huupaka nyekundu. Kwa hiyo palipo na wekundu pana majani yenye afya. Mlima hauungui. Mlima umeshiba.

Nikasema, "Hasa! Nilikuwa nawajaribu."

Mkuu akakohoa. Mama wa chai akaketi, akaniambia Mungu anisamehe.

Lazima nikiri Futi aliniokoa. Namshukuru. Pia lazima niseme hakuna mtu anayemwokoa mwenzake hadharani bila sababu yake. Anataka nafasi yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kurusha. Kazi yangu ilikuwa kuweka alama sita juu ya vigingi sita ambavyo Futi alivipima wiki iliyopita. Mke wangu amenikatia shuka jeupe, akanishonea misalaba sita mikubwa, pindo zimekunjwa vizuri kama nguo ya harusi. Nikamwambia itaonwa na ndege tu. Akasema hata ndege asione kazi mbaya ya mkono wake. Sina cha kumlipa mwanamke huyu.

Alama ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, matope, sawa. Ya nne!

Kigingi namba nne kiko mwisho wa bonde, pale maji yanapoliacha bonde. Kiko juu ya tuta, ndani ya uwanja wa fundi baiskeli. Na fundi baiskeli anafuga bata bukini. Mmoja tu. Mmoja alitosha. Alinyoosha shingo, akatoa sauti kama tairi linalotoboka, akanijia kwa miguu na mabawa. Aliniuma nyuma ya goti. Fundi alitoka na spana mkononi, akasema nisiogope, hajawahi kumuua mtu.

Nikarudi nyuma, nikafikiri kitaalamu. Chini ya tuta, njiani, palikuwa tambarare, safi, hapana bata. Hatua kumi na tano tu kutoka kwenye kigingi. Kutoka angani hatua kumi na tano ni nini? Hata mimi nilipopanda ndege sikuweza kuona hatua. Nikautandika msalaba pale, nikaukandamiza kwa mawe manne.

Rubani wa droni ametoka makao makuu, dada mwenye cheti na kofia nyekundu. Nilimpa maelekezo kwa sauti kubwa ili Mkuu asikie. Nilimwambia panda, akawa ameshapanda. Nilimwambia geuka, akawa ameshageuka. Tumefanya kazi kwa maelewano makubwa. Picha mia sita na arobaini! Na upepo ulitulia, na jua lilikuwa zuri, na goti halikuvimba sana. Siku njema. Nashukuru.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Niandike haraka iishe.

Asubuhi kompyuta ilikuwa inaunganisha picha. Ikatoa ujumbe: kuna kosa kubwa alama namba nne, je, unataka kukagua au kuendelea? Nikabonyeza endelea. Kila ujumbe wa kompyuta ukikaguliwa, kazi itaisha lini?

Wakati nasubiri, nikapitia picha moja moja. Kwenye moja, pembeni, nikauona mnara wa simu wa mtaa wa juu. Umeinama! Umelala kabisa kuelekea nje, kama mlevi anayetafuta ukuta! Nikatazama chini yake. Nyumba. Kinyozi. Duka la dawa. Sikumwambia mtu, kwa sababu Futi angejifanya yeye ndiye aliyeuona. Nikapiga simu zimamoto.

Walikuja na magari mawili. Mtaa mzima ukatolewa nje. Mteja mmoja wa kinyozi alisimama barabarani na shuka shingoni, nusu ya kichwa kipara, nusu msitu. Nikawa naelekeza watu kwa mikono. Kushoto, kushoto kidogo, rudi, simama. Kwa dakika ishirini nilikuwa mtu mkubwa sana.

Kisha kiongozi wa zimamoto akaazima timazi kwa fundi mwashi, akaining'iniza kando ya mnara. Uzi na mnara vikalingana. Akaja kwangu polepole. Akauliza nani aliyeuona mnara ukianguka. Nikasema kamera.

Futi alifika akihema. Akaeleza mbele ya watu wote, kwa upole unaouma. Kamera inatazama chini kutoka katikati. Kitu kirefu kilicho pembeni ya picha lazima kionekane kimelala kuelekea nje, kama kuta za chumba ukizichungulia kutoka katikati ya dari. Si kosa la mnara. Kisha akasema kosa ni lake, kwa kuwa aliniazima kitabu bila kunikumbusha sura ya tano.

Mkuu akasema tutaongea. Hatukuongea. Hilo ndilo baya zaidi. Jioni ramani ikatoka, akaisaini, akaiweka tayari kwa watu wa katapila. Nilitaka kumtajia lile jambo dogo la bata. Lakini kwa siku moja mnara unatosha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempelekea mama mkwe nakala ya ramani, imekunjwa vizuri, ili ajue mkwewe si mtu wa mchezo. Alinikaribisha, akapangusa meza, akavaa miwani. Alifurahi kuliona paa lake. Alifurahi kuiona hata kamba yake ya kuanikia. Nilimwonyesha mstari wa buluu ambapo mfereji utapita, na vishale vya maji.

Akafuata vishale kwa kidole. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Mwanangu," akasema, "maji haya yanatoka kwa fundi baiskeli yanakuja kwangu?"

Nikasema ndivyo kompyuta ilivyokokotoa, mama.

"Nimekaa hapa miaka thelathini na moja. Maji yanatoka kwangu yanakwenda kwa fundi baiskeli. Yalikwenda na sufuria zangu upande huo. Yameanza lini kupanda?"

Nikatazama. Kweli. Mdomo wa bonde ulikuwa umenyanyuliwa kama mdomo wa beseni, na mfereji wetu mzuri ulikuwa unayaleta maji yote mpaka mlango wa jikoni kwake. Msalaba niliuweka chini ya tuta, kompyuta ikaamini uko juu yake. Mita tatu! Msumari mmoja!

Nilisema lazima niondoke. Akanishika mkono mlangoni, akanishukuru kwa ramani. Akasema hata ikiwa na kosa, amefurahi kwamba kuna mtu aliyekaa akamfikiria. Nimetembea njia nzima sioni ninakokwenda.

Saa kumi na moja Futi alikuja nyumbani. Futi! Hajawahi kuja kwangu siku ya mapumziko. Amekuja kunicheka tu, hakuna kingine. Nikaingia kabatini kwa mke wangu, katikati ya magauni ya wateja. Nilimsikia akimwambia sipo. Futi akasema basi aniambie nisiwe na wasiwasi.

Nisiwe na wasiwasi! Vitisho vya wazi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mke wangu yote. Bata, msalaba, mita tatu, mama yake. Hakupiga kelele. Aliacha kushona, akasema kesho asubuhi niende kwa Mkuu nikaseme. Kwa maneno machache, nisianze na historia ya ndege.

Nimekubali. Lakini kuna njia ya heshima zaidi. Barua! Isiyo na jina! Nimeandika: "Mimi ni mwananchi mwema mwenye macho. Nilipita bondeni nikaona msalaba mweupe umekaa mahali pasipo pake. Tafadhali pimeni upya kabla katapila halijafika. Wapima wenu ni watu hodari sana, hasa yule mrefu." Yule mrefu ni mimi. Hakuna ubaya kujitetea kidogo.

Mke wangu ameisoma. Amesema, "Haya." Najua ile "haya" yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika ofisini saa kumi na mbili na nusu. Hakukuwa na mtu. Nikapiga magoti mlangoni kwa Mkuu, nikawa nasukuma barua chini ya mlango. Ikaingia nusu, ikakwama. Nikasukuma. Ghafla ikavutwa kutoka ndani!

Mlango ukafunguka. Mkuu alikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja, barua mkono mwingine. Akaisoma yote, mimi bado nimepiga magoti.

"Mwananchi mwema," akasema, "ana mwandiko wako."

Nikasema yote, pale pale chini. Sikupamba. Nikasema nilimwogopa bata, nikabonyeza endelea, na nikaogopa kusema kwa ajili ya mnara. Nikasema nyumba itakayofurika ni ya mama yake mke wangu, lakini hata ingekuwa ya mtu nisiyemjua ni vile vile. Nikamwomba asimamishe katapila, mimi anifanye atakavyo.

Akaniambia ninyanyuke, sakafu ni chafu. Akafungua droo, akatoa ramani nyingine. Bonde letu. Vishale vyote vinakwenda kwa fundi baiskeli, vinapita nje, vinaondoka. Jikoni kwa mama pakavu.

Futi aliona ujumbe wa kompyuta Ijumaa. Jumamosi asubuhi akabeba darubini yake akaenda bondeni, akaukuta msalaba wangu bado uko chini ya mawe. Hakuhitaji kurusha tena. Alipanda kwenye kigingi, akapima kutoka hapo mpaka ulipolala, akaipa kompyuta mahali pake pa kweli, akaunganisha picha upya. Jioni akaja kwangu ili twende pamoja kwa Mkuu, iwe mimi ninayesema. Akaambiwa sipo, basi jana akampelekea Mkuu ramani peke yake. Alichosubiri Mkuu tangu jana ni kuona kama nitasema.

Chini ya ramani palikuwa na majina mawili ya wapima. La kwanza lilikuwa langu. Linaanza na herufi iliyotangulia, Futi alisema baadaye, ndiyo alfabeti. Anachechemea. Bata alimuuma palepale, nyuma ya goti.

Sikuwa na hotuba. Nilimwambia, "Ndugu yangu, ahsante." Akasema katapila limefika, nikashike fimbo. Nikaishika kutwa nzima. Kushoto, kushoto kidogo, rudi, simama. Jua lilikuwa kali na sijui kwa nini nilikuwa na furaha. Kila aliponipungia mkono nilifikiri: huyu mtu miaka kumi na minane amekuwa akinitazama mimi kwenye ile darubini, na bado ananipenda.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua! Tangu alfajiri mpaka saa nane! Mimi na Futi tulikimbilia bondeni bila miavuli. Maji yalikuja mekundu, mazito, yana hasira. Yakafika kwenye mfereji. Yakainama, yakaingia, yakapita chini ya uwanja wa fundi baiskeli kama wanafunzi waliopangwa mstari. Bata alisimama kwenye tuta akiyazomea.

Mama mkwe alitutolea mlangoni kanga mbili tujifute. Miguu yake ilikuwa mikavu. Alimshika Futi mkono, akanishika mimi. Kisha akasema, "Yamepita. Yamenisalimia tu, yakapita." Akalia kidogo, nasi tukatazama pembeni.

Nitaikumbuka siku hii. Ninao watu wengi wa kuwashukuru na sistahili hata nusu yao. Kuanzia leo sitasema ninajua nisichokijua. Nimeapa. Nimemwambia hata mke wangu.

Ijumaa, 21 Machi

Mkutano wa asubuhi. Mkuu amesema kazi ya bonde imesifiwa hadi makao makuu, na tumepewa nyingine. Kupima kina cha bwawa la maji ya mji. Mtu anakwenda na mashua, chombo kinatuma sauti chini ya maji, sauti inagonga tope na kurudi, wanajua kina. Wiki mbili juu ya maji. Akauliza nani ana uzoefu wa kazi za bwawani.

Nikaona mama wa chai ananitazama. Nikaona dada wa droni, mwenye kofia nyekundu, naye ananitazama. Nikaona Futi anatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama mtu anayemwonya mtoto asiguse pasi.

Nimekuwa nahodha wa mashua.

Mke wangu ameuliza kama nimeanza kujua kuogelea. Nimemweleza kwa subira kwamba hajaielewa kazi. Tunapima kina. Hatushuki kukitembelea. Ameniambia nivue shati, anataka kuchukua vipimo vya kifua. Ananishonea jaketi la maboya. Mke mwema kiasi gani! Rangi ya machungwa itanipendeza.